Moshi wa Jikoni: Safari Yake Ndefu Hadi Ndani ya Nyumba Zetu

(Muziki wa kufungua. Unashuka polepole, mtangazaji anaingia.)

Popote ulipo, iwe hapa Kigoma, iwe Nakivale kule Uganda, Kiziba kule Rwanda au Bwagiriza kule Burundi, vuta kigoda ukae.

Juma lililopita tulipokea ujumbe wa mama mmoja. Anapika ndani kwa sababu ya mvua. Mtoto wake mdogo anakohoa usiku kucha. Binti yake mkubwa ameona kwenye simu kwamba mmea wa mshubiri ukiwekwa ndani ya nyumba unasafisha hewa. Sasa mama anauliza: akiupanda kwenye kopo tupu la mafuta ya mgao na kuliweka karibu na kitanda, kikohozi kitapungua?

Mama, nimeuchukua ujumbe wako kwa uzito, maana hata kwetu kikohozi kama hicho tulikijua. Jibu lako lipo, na nitalisema kabla hatujaagana. Lakini kwanza nataka tutembee kidogo katika historia, kwa sababu watu wamegombana na moshi ndani ya nyumba muda mrefu sana, na mambo waliyoyakosea wao ndiyo tunayoyakosea sisi leo.

Tuanzie mbali. Kule Afrika Kusini kuna pango linaitwa Wonderwerk. Wachimbaji wa mambo ya kale walikuta humo majivu na vipande vya mifupa iliyoungua, vya miaka kama milioni 1 iliyopita. Maana yake ni kwamba binadamu ameota moto mahali pasipo na dirisha tangu kabla hajawa binadamu kamili kama wewe na mimi. Halafu Septemba 1991, watu wawili waliokuwa wakitembea milimani, mpakani mwa Austria na Italia, waliona maiti ya mwanamume ikichomoza kwenye barafu. Ilidhaniwa ni mpanda mlima aliyepotea siku za karibuni. Kumbe alikuwa ameishi miaka 5,300 hivi iliyopita, na barafu ndiyo iliyomhifadhi, ngozi na nyama na yote. Madaktari walipoyaangalia mapafu yake, waliyakuta meusi. Hakuwa mvuta sigara. Tumbaku ilikuwa bado haijafika huko. Ni masizi ya moto wa nyumbani kwao.

Mimi nikisoma habari hiyo nilimkumbuka bibi yangu kule Kivu Kusini. Niliondoka nikiwa na miaka 6, mambo mengi nimeyasahau, lakini jiko lake nalikumbuka: giza, mawe matatu, na paa la nyasi lililokuwa jeusi linang'aa kama limepakwa rangi ya kiatu. Juu ya moto alining'iniza mahindi ya mbegu. Wadudu hawakuyagusa. Mchwa hawakula fito za paa. Mbu hawakukaa. Kwa hiyo mzee akikuambia moshi una faida, usimcheke. Anasema alichokiona kwa macho yake.

Ila kuna jambo moja ambalo wengi hatukuliona wakati tunahama. Paa la nyasi linapumua. Ukiisimamia nyumba ya nyasi asubuhi kutoka mbali, unaona moshi unatoka kwenye paa zima kama mvuke wa ugali. Moshi ulikuwa unakaa ndani, ndiyo, lakini ulikuwa na njia ya kutokea polepole. Sasa tukaja huku. Tukapewa turubai la plastiki. Wengine baadaye wakapata bati. Turubai halipumui. Bati halipumui. Sisi tukayaingiza mawe yetu matatu chini ya turubai, tukapika kama bibi alivyopika, na tukashangaa mbona macho yanawaka kuliko kule nyumbani. Mpishi ni yule yule na kuni ni zile zile. Kilichobadilika ni paa.

Tusidhani kwamba ni sisi wakimbizi tu tuliochelewa kuelewa moshi. Uingereza ya zamani watu wa kawaida waliwasha moto katikati ya nyumba, moshi ukatafuta njia yake juu. Mabomba ya moshi, yale ya kujengwa kwa matofali ukutani, yalienea kwenye nyumba za watu wa kawaida katika karne ya 16. Mwaka 1577 kasisi mmoja wa kijijini, William Harrison, aliandika kitabu kuhusu nchi yake, na humo akaeleza jinsi wazee walivyoyashangaa mabomba hayo. Zamani, walisema, moshi ulikomaza mbao za nyumba na ulikuwa kama dawa kwa mwenye nyumba na jamaa yake. Sasa tangu mabomba yaje, kila mtu ana mafua. Ungesema ni wazee wa kwetu wanaongea!

Halafu ikaja serikali na kodi zake. Mwaka 1662 Uingereza iliweka kodi ya kila meko: shilingi 2 kwa mwaka kwa kila sehemu ya moto. Watu wengine wakaziba meko zao ili wasihesabiwe. Kodi hiyo ikafutwa 1689, lakini hazikupita hata miaka 10 ikaja nyingine, ya madirisha. Ilianza 1696 na haikuondoka hadi 1851. Nyumba yenye madirisha mengi ililipa zaidi, basi watu wakachukua matofali wakayaziba. Wafaransa nao walikuwa na kodi ya milango na madirisha tangu 1798 hadi 1926. Hebu fikiria: zaidi ya miaka 100 watu wanakaa gizani na hewa nzito kwa kukwepa kodi ya dirisha, na waliobanwa zaidi ni wapangaji maskini, maana mwenye nyumba ndiye aliyeamua kuziba.

Sisi hapa hatulipi kodi ya dirisha. Lakini pita mtaani uhesabu madirisha yaliyozibwa na magunia. Tunaziba kwa sababu ya baridi ya usiku, kwa sababu ya mbu, na kwa sababu ya wezi. Tuseme ukweli, mama anayelala peke yake na watoto hawezi kuacha tundu kubwa ukutani, na mimi siwezi kukaa studio nikamwambia afungue dirisha kana kwamba hajui kwa nini alilifunga. Nitalirudia hili mbele, kuna namna.

Dirisha liliheshimiwa tena kwa sababu ya vita. Novemba 1854 muuguzi Mwingereza, Florence Nightingale, alifika na wenzake katika hospitali ya jeshi ya Scutari, ng'ambo ya bahari kutoka mji wa Istanbul. Askari walikuwa wanakufa kwa homa na kuhara kuliko kwa risasi. Februari 1855 walikufa zaidi ya 40 katika kila wagonjwa 100. Machi wakaja wakaguzi wa usafi kutoka Uingereza, wakazibua mifereji ya maji machafu, wakapaka kuta chokaa, wakaipa hewa njia ya kuingia na kutoka. Kufika Juni vifo vilikuwa vimeshuka hadi karibu 2 katika 100. Nightingale aliporudi kwao aliandika kitabu kuhusu uuguzi, na jambo la kwanza kabisa alilolitaka kwa muuguzi ni hilo: hewa ya chumba cha mgonjwa iwe safi kama ya nje, bila kumtia mgonjwa baridi. Mifereji ilikuwa na sehemu kubwa sana katika kuokoa wale askari, nisikudanganye kwamba ni madirisha peke yake. Lakini somo la hewa lilibaki.

Miaka hiyo hiyo, huko Munich, Ujerumani, kulikuwa na mtaalamu anaitwa Max von Pettenkofer. Huyu nampenda kwa sababu alikosea vizuri. Alitaka kujua hewa ya chumba inabadilika kwa kiasi gani, akapima ile hewa tunayoitoa puani, kaboni dayoksaidi, kama alama. Mpaka sasa alama yake inatumika: ikipita sehemu 1 katika 1,000 za hewa ya chumba, chumba kinahitaji hewa mpya. Halafu akaziba nyufa zote za chumba chake, akaona bado hewa inabadilika. Akasema: basi inapita ukutani! Aliwaonyesha watu jinsi anavyoweza kupuliza hewa ndani ya tofali ikatokea upande wa pili na kuzima mshumaa. Watu wakaamini kuta zinapumua kiasi cha kutosha. Waliokuja baadaye wakakuta hewa nyingi ilikuwa inapita kwenye sakafu, dari na nyufa ambazo hakuziona. Ukuta wa udongo ni mzuri, unavuta unyevunyevu na kuutoa tena, nyumba haitoi jasho kama hema. Ila ukuta hautoi moshi. Tundu ndilo linalotoa moshi.

Na tundu si jambo dogo. Mwaka 2007 watafiti walitoa matokeo ya hospitali 8 za Lima, Peru, ambako kifua kikuu ni tatizo kama kwetu. Walipima vyumba vya wagonjwa madirisha na milango ikiwa wazi, wakalinganisha na vyumba vipya vya gharama vyenye mashine za kuvuta hewa. Vyenye mashine vilibadilisha hewa kama mara 12 kwa saa. Vyenye madirisha wazi, mara 28. Na vilivyofanya vizuri zaidi ni vile vya kizamani, vilivyojengwa kabla ya 1950, dari juu na madirisha makubwa pande zinazotazamana. Kwa hiyo nesi akikuambia ufungue dirisha kwa ajili ya mgonjwa wa kifua, hakukupa ushauri wa bure kwa kukosa dawa. Amekupa sehemu ya kinga.

(Muziki mfupi.)

Sasa nazungumza na wewe unayepikia makala, au mkaa kama wanavyosema wenyeji wetu hapa. Warundi na Wanyarwanda wanasema imbabura, sisi Wakongo tunasema mbabula, Watanzania wanasema jiko la mkaa. Chombo ni kile kile, na hatari ni ile ile.

Nilikuwa na miaka 9. Usiku wa mvua kubwa, mama alimaliza kupika barazani, moto wa makala ukawa mwekundu mzuri, hauna moshi hata kidogo. Kulikuwa na baridi. Akaingiza mbabula ndani tupate joto, akaegesha mlango, tukalala. Nakumbuka niliamka kichwa kinagonga kama ngoma. Mdogo wangu alikuwa anatapika. Mama aliinuka ili amshike, akaanguka, akaamka, akaanguka tena karibu na mlango, na mkono wake ndio uliousukuma ukafunguka. Baba wa nyumba ya jirani alisikia kishindo, akatuburuta nje mmoja mmoja tukakaa kwenye matope na mvua. Tulipona sote. Mama hadi leo akisikia mtu anasema makala hayana moshi, anakaa kimya kwanza kabla ya kujibu.

Kilichotupata kina jina: kaboni monoksaidi. Ni hewa isiyo na rangi wala harufu, na makala mekundu yanaitoa kwa wingi kuliko kuni zenye moshi unaouona. Mfaransa Claude Bernard ndiye aliyeeleza, miaka ya 1850, kwamba hewa hiyo inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa oksijeni. Damu inazunguka, lakini haina ilichobeba. Mwisho wa karne hiyo Mskoti John Scott Haldane, aliyekuwa anachunguza vifo vya wachimba makaa ya mawe, aliivuta mwenyewe kwa makusudi ili aandike inavyomfanya. Ndiye aliyeshauri wachimbaji washuke shimoni na viumbe wadogo, panya au ndege aina ya kanari, kwa sababu mwili mdogo unapumua haraka na unaanguka kwanza. Uingereza ilitumia ndege hao hadi 1986. Ndani ya nyumba hatuna kanari. Kiumbe mdogo anayepumua haraka ni mtoto mchanga.

Kwa hiyo hapa sina maelezo mengi. Mbabula haiingii ndani pa kulala, hata usiku wa baridi, hata mlango ukiwa wazi kidogo. Kichwa kikiuma na watu zaidi ya mmoja wakasikia kichefuchefu kwa pamoja, tokeni nje kwanza, mengine baadaye.

Turudi kwenye kuni. Kwa muda mrefu moshi wa jikoni haukuwa habari ya wanasayansi. Walipima moshi wa viwanda na magari ya mijini. Mwanamke anayepika hakuna aliyempima. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mmarekani Kirk Smith na wenzake wa India waliwavalisha akina mama wa vijiji vya Gujarat vifaa vidogo vya kupima hewa wakati wanapika. Walichokikuta kilikuwa kibaya kuliko hewa ya miji iliyokuwa ikilalamikiwa magazetini. Smith aliendelea na kazi hiyo hadi alipofariki 2020. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa nyumbani uliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5.

Dawa ilitafutwa wapi? Kwenye matope. Tarehe 4 Februari 1976 tetemeko la ardhi liliipiga Guatemala, likaua watu zaidi ya 20,000 na kubomoa nyumba zisizohesabika. Wakati wa kujenga upya, watu waliunda jiko la matope na mchanga lenye bomba la moshi. Wakaliita Lorena: kwa Kihispania lodo ni matope, arena ni mchanga. Halikuhitaji fedha, likasambaa nchi nyingi. Nalo pia lilikuwa na kasoro, na ni vizuri uijue kabla hujaanza kukanyaga udongo. Jiko lenyewe lilikuwa zito mno, tope lote lile likawa linakunywa joto kabla sufuria haijapata. Moshi ulitoka nje kweli, lakini kuni hazikupungua kama ilivyotarajiwa, mahali pengine zilikwenda zaidi. Mtaalamu Larry Winiarski katika miaka ya 1980 akaja na njia nyingine: sehemu moto unapowaka iwe nyembamba kama kiko, izungukwe na kitu chepesi kinachozuia joto lisitoroke, kama majivu au udongo uliochanganywa na maranda. Moto ukikaa mahali pa joto kali, unauchoma hata moshi wake. Maana moshi ni nini? Ni kuni ambazo hazijaungua. Unaporuka juu umebeba ulichokitafuta msituni nusu siku.

Guatemala hiyo hiyo walifanya jaribio kubwa kati ya 2002 na 2004, familia 534 za milimani zenye mtoto mchanga au mama mjamzito. Nusu walijengewa jiko lenye bomba mapema, nusu wakasubiri hadi mwisho. Watoto wa nyumba zenye jiko jipya walivuta kaboni monoksaidi nusu tu ya wenzao. Nimonia kali, ile inayopeleka mtoto hospitali, ilipungua kama theluthi. Nimonia kwa jumla ilipungua kidogo, na watafiti wenyewe walisema hawawezi kuapa kwamba ni jiko.

Halafu kuna Malawi. Hili lilinivunja moyo kidogo nilipolisoma, lakini redio inayoficha habari mbaya haina faida kwako. Watoto zaidi ya 10,000, wengine wao huko Karonga karibu na mpaka wa Tanzania. Familia zilipewa majiko ya kisasa yenye feni ndogo. Matokeo yalitoka 2017: nimonia haikupungua hata kidogo ukilinganisha na waliopikia mafiga. Jiko zuri, matokeo sifuri. Sababu zinazotajwa si ngeni kwetu. Majiko yaliharibika. Watu waliendelea kuwasha na mafiga pembeni. Na takataka zilichomwa karibu, tumbaku ilivutwa, moshi wa jirani uliingia. Ukiwa na jiko safi ndani ya mtaa wenye moshi, mtoto bado anavuta moshi wa mtaa.

Na hapa kwetu, Maziwa Makuu? Mwishoni mwa Aprili 1994 watu zaidi ya laki moja walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya muda wa kama siku moja. Julai wengine wengi zaidi wakaingia Goma. Wote hao walipaswa kupika jioni ile ile. Miti ikakatwa kuzunguka kambi za Ngara, na upande wa Goma watu wakaingia hifadhi ya Virunga. Ndipo majiko ya matope yakaanza kufundishwa makambini kwa nguvu, mwanzo kwa ajili ya kuokoa miti. Mapafu ya akina mama yalikuja baadaye katika hesabu. Na kuna hesabu nyingine ambayo wengi hawapendi tuiseme redioni: mama na dada zetu wanaokwenda mbali kutafuta kuni wanapigwa, wanabakwa, wengine hawarudi na kuni wala na amani. Jiko linalookoa mzigo mmoja wa kuni kwa juma limeokoa safari moja. Kwangu mimi hiyo peke yake inatosha kuchafua mikono.

Basi, tuichafue. Chukua udongo wa kichuguu, ndio unaoshikana vizuri, uchanganye na mchanga, majani makavu yaliyokatwakatwa na maji. Finyanga kipande kama kidole ukianike. Kikipasuka, ongeza mchanga. Kikimomonyoka, ongeza udongo. Sufuria yako unayoitumia kila siku iweke katikati, juu ya mawe matatu madogo, ujenge ukuta wa udongo kuizunguka, ukibakiza nafasi ndogo tu kati ya ukuta na sufuria, kama unene wa kidole kidogo, ili joto liparamie ubavu wa sufuria. Acha mlango mmoja wa kuni, usiwe mkubwa. Ukiwa mkubwa utasukuma kuni tano mahali pa mbili. Kisha kauka kivulini, majuma mawili hata matatu. Wanaoharibu wengi wanaharibia hapa: wanawasha siku ya tatu, linapasuka, wanasema jiko la matope ni uongo.

Bomba la moshi usilipitishe kwenye turubai wala kwenye nyasi. Cheche moja na mtaa mzima unaungua, tumeyaona. Kama una ukuta wa tofali, toa tundu la moshi ukutani, juu. Kama huna, jenga kibanda cha jiko chenye paa na kuta za nusu, au upande mmoja tu wa kuzuia upepo. Najua viwanja ni vidogo. Majirani wawili au watatu wanaweza kuwa na kibanda kimoja, kuna watu wa mtaa wetu wanafanya hivyo na ugomvi wao mkubwa ni zamu ya kufagia.

Kuni zipasue nyembamba na uzianike. Kuni mbichi kwanza inachemsha maji yake, ndipo ikuchemshie yako, na moshi wote ule ni wa kazi hiyo ya kwanza. Mbaazi na maharage ya mgao loweka tangu usiku. Funika sufuria. Mtoto usimbebe mgongoni wakati unapuliza moto. Mpe kaka yake, mpe baba yake, baba naye ana mgongo.

Na dirisha nililoahidi? Mwizi anahitaji tundu la kupita mtu. Hewa haihitaji hivyo. Acha nafasi ya kiganja kati ya ukuta na paa, pande mbili zinazotazamana, ili hewa iingie huku itokee kule, na moshi unapenda kukaa juu kwa hiyo utaikuta njia. Ziba nafasi hiyo kwa kipande cha chandarua kilichochakaa, mbu wabaki nje. Nafasi moja peke yake haitoshi. Hewa haitoki kama hakuna inapoingilia.

Sasa mama, mshubiri wako. Habari ile ya simu ina chanzo cha kweli. Mwaka 1989 Mmarekani Bill Wolverton, kwa kazi ya shirika la anga la NASA, aliweka mimea ndani ya masanduku madogo yaliyofungwa kabisa, akatia humo hewa ya kemikali kama zile za rangi na gundi, akakuta zinapungua. Watu wakaruka kutoka sandukuni hadi sebuleni. Mwaka 2019 watafiti wawili wa Marekani walikusanya majaribio ya miaka 30 wakapiga hesabu: ili mimea ifikie kazi inayofanywa na hewa ya kawaida inayopita ndani ya jengo, ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 katika kila mita moja ya mraba ya sakafu. Usingepata pa kulala. Na hizo zilikuwa kemikali za rangi. Moshi wa kuni na hewa ya makala mmea hauwezi kuvimaliza.

Kwa hiyo mshubiri panda, lakini nje. Kopo lile la mafuta liweke maji ya kulowekea mbaazi. Mtoto mpeleke zahanati juma hili, usisubiri jiko likauke. Na akipumua haraka haraka au mbavu zikiingia ndani anapovuta hewa, mpeleke siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Kisha anza na nafasi ya kiganja chini ya paa, hiyo haina gharama na unaweza kuimaliza leo jioni. Jiko lifuate. Likishakauka na kuwashwa mara ya kwanza, tuma ujumbe uniambie limepasuka upande gani, maana la mama yangu lilipasuka mlangoni, na tulilikarabati kwa udongo uliochanganywa na majivu.

(Muziki wa kufunga.)